Gari Lisilo na Mlio
Sehemu ya 9: Dumu la Asali

Buti lilifunguka.

Wiki nzima mmekuwa mkibashiri, wasomaji. Wengine mlisema maiti, wengine mlisema bunduki, na kuna bwana mmoja wa Manyoni aliyeapa kwamba ndani ya buti kuna nyoka. Wote mmekosa. Ndani ya buti la gari la njano kulikuwa na dumu la asali.

Lilikuwa dumu la lita tatu, mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, na limeegemezwa kwenye kona lisimwagike.

Mathayo, mtendaji wa kijiji cha Isanzala, aliinama akalitazama, kisha akanyoosha mgongo. "Huu ndio ushahidi wako, Mama Jenipher?"

Watu waliojazana nje ya banda la mashine ya kusaga walicheka. Scola, Mama Jenipher mwenyewe, hakucheka. Alikuwa na hasira tangu jana asubuhi, hasira iliyomnyima usingizi na kumkinaisha uji, na kicheko kile kiliizidisha.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, habari yenyewe ni fupi na inaudhi. Jumapili saa tano asubuhi, Damari, muuza vitunguu, aligongwa na gari kwenye kona ya Misigiri. Mguu ulivunjika mara mbili. Gari halikusimama. Damari hakusikia mlio wowote, na upande ule wote gari lisilo na mlio ni moja tu: gari dogo la umeme la kikundi cha Tujikwamue. Wanakikundi walilinunua kwa jasho la vitunguu na alizeti, wanalichaji kwa sola za juu ya banda la mashine, na wanalitumia kwa zamu. Anayelitaka anaandika jina lake ubaoni kwa chaki. Ubaoni, mbele ya Jumapili, kulikuwa na jina moja. Scola.

Jina aliliandika mwenyewe, kweli. Alitaka kuipeleka kwaya Misigiri. Safari ikaahirishwa, yeye akasahau kufuta, akashinda bondeni peke yake akipalilia vitunguu. Kwa hiyo mashahidi wake walikuwa vitunguu.

Leo ilikuwa Jumanne, na saa nane mchana kungekuwa na mkutano. Kama hangejisafisha hapo, Mathayo angempeleka polisi Shelui, na ufunguo wa gari, ambao Scola kama katibu aliutunza kwa miaka miwili, ungehamia ofisi ya mtendaji. Mathayo alikuwa na mwaka mzima akisema huko ndiko unakostahili kukaa.

"Jumamosi jioni niliacha boga humu," Scola alisema. "Boga lenye kovu. Nililikata kwa jembe kwa bahati mbaya, kila aliyekuwepo aliliona. Boga halipo. Sasa kuna asali."

Waliomsikia waliacha kucheka, kwa sababu walimwelewa. Tangu mwezi wa kwanza hakuna mwanakikundi aliyerudisha gari bila kuacha kitu kwenye buti kwa ajili ya anayefuata. Hakuna kikao kilichopitisha jambo hilo. Ndivyo walivyolelewa: ukiazima sufuria kwa jirani huirudishi tupu, unatia humo hata viazi viwili. Gari nalo wakaliona ni sufuria kubwa. Anayelichukua anakula alichoachiwa, akilirudisha anaacha chake.

"Kati ya Jumamosi jioni na jana asubuhi," Scola aliendelea, "kuna mtu alichukua gari hili. Akachukua boga langu, akaacha asali yake."

"Au asali umeiweka wewe."

"Nitaitoa wapi, Mtendaji? Nafuga nyuki?"

Scola alizunguka upande wa dereva, akabonyeza kitufe, namba zikawaka kwenye kioo kidogo. Asilimia tisa.

"Jumamosi niliacha mia moja. Kwenda Misigiri na kurudi haliwezi kula umeme wote huo. Gari hili limepanda mlima Sekenke. Lilikwenda Shelui. Mimi Jumapili nilionekana Shelui?"

"Sasa gari nalo limeanza kutoa ushahidi," Mathayo alisema, na wachache wakacheka tena ili kumfurahisha. "Halafu nilisema tangu jana na narudia. Hili gari ni kielelezo. Asilichaji mtu. Waya usiguswe mpaka shauri liishe. Ufunguo."

Alinyoosha kiganja. Scola alikuwa ameuning'iniza shingoni kwa uzi, ndani ya blauzi, kama alivyouvaa siku zote mbili hizi. Aliuvua taratibu. Alitamani kuutupa kwenye mavumbi amwone akiinama kuuokota, lakini aliuweka kiganjani, kwa sababu watoto walikuwa wakitazama.

"Saa nane," Mathayo alisema, akautia mfukoni.

Scola alilichukua dumu. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyeona asali ina maana yoyote.

* * *

Nyuma ya banda alifungua kile kipande cha kanga, akachovya kidole, akalamba.

Ilikuwa nyepesi, na uchachu ukibaki kwenye ulimi. Asali ya nyuki wadogo. Isanzala watu wana nyuki wa kawaida na asali ya kawaida. Hii ya nyuki wadogo inatoka misitu ya Itigi, na katika kikundi kizima mwenye mtu Itigi alikuwa mmoja. Binti yake Belinda ameolewa huko. Tena baba huyo ndiye aliyeshika ufunguo wa pili wa gari.

Mzee Laurian, mwenyekiti wa kikundi. Mzee wa kanisa. Mtu aliyeshinda jana nzima akimwambia Scola avumilie, ukweli utajulikana.

Scola alitembea kwa mwendo uliowafanya kuku wampishe njia. Alimkuta mzee uani, akichambua mbegu za alizeti kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee." Aliitoa kama mtu anayetupa jiwe, lakini aliitoa.

"Marahaba, Mama Jenipher. Kaa."

"Sikai. Ufunguo wako uko wapi?"

Laurian alimtazama kidogo, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Alitoka na kisanduku cha bati. Ufunguo ulikuwa humo, chini ya Biblia, umefungwa kwenye karatasi ambayo Scola mwenyewe aliifunga na kuibandika siku walipogawana. Gundi haikuwa imebanduka.

"Na Jumapili saa tano," mzee alisema, "nilikuwa nasoma somo la pili mbele ya kanisa zima. Waulize. Umekuja kunishuku?"

"Nimekuja." Scola aliliweka dumu chini mbele ya miguu yake. "Hili nalo ni la nani?"

Laurian alichuchumaa, akaigusa ile kanga. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni kanga ya Belinda," alisema. "Alikuja wiki iliyopita akaniletea madumu mawili. Moja lipo ndani, halijafunguliwa. Jingine nilimpa fundi aliyenitengenezea pampu ya kisima. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa."

"Fundi gani?"

Mzee alirudi kwenye ungo wake, akaushika, akauweka tena.

"Mwanangu," alisema, "swali hilo ungelipeleka nyumbani kwako."

Isanzala ina fundi mmoja wa pampu. Anaitwa Raymond. Jenipher ni binti yake, na Scola ni mke wake.

* * *

Raymond alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, pampu imelala mapajani, spana mkononi. Alimwona mkewe akija, halafu akaona alichobeba. Spana ilisimama.

"Baba Jenipher. Asali hii unaijua?"

Raymond alirudisha macho kwenye pampu.

"Tangu jana wananiita mkimbiza gari. Watoto wa shule wamemwimbia Jenipher njiani. Na wewe usiku kucha umelala pembeni yangu, unaniuliza kama nimekula. Ulichukua ufunguo kwenye msumari ukutani?"

"Nilichukua."

"Nikiwa bondeni."

"Ukiwa bondeni."

"Ukaenda Shelui."

"Tulikwenda." Raymond aliiweka pampu chini. "Scola, nisikilize kwanza. Siyo mimi niliye..."

"Mlikwenda. Wewe na nani?"

Lakini kabla mume hajafungua mdomo, Scola alikuwa ameshajua. Lilimjia boga.

Jumapili jioni mama mkwe wake, bibi Asnath, aliwaita kula. Jambo la nadra. Alikuwa amepika boga kwa karanga, akampakulia Scola mwenyewe kwa mkono wake, na pande moja la boga lilikuwa na kovu jeusi kwenye ganda. Scola alikula. Alilisifu. Alisema asante mama, limeiva vizuri.

"Nimelishwa boga langu mwenyewe," alisema polepole.

Mnamjua bibi Asnath, mnaosoma hadithi hii tangu mwanzo. Siku kikundi kilipomchagua Scola kushika ufunguo, alisimama mbele ya watu akasema atapanda mkokoteni wa ng'ombe mpaka kaburini kuliko kukalia kiti cha gari lile. Kwa miaka miwili amepita mbele ya banda bila kugeuza shingo.

"Mama alitaka kumwona dada yake Shelui," Raymond alisema. "Mama mkubwa anaumwa sana, wala hapandi tena kitandani bila kushikwa. Mama aliona aibu kuonekana ndani ya gari baada ya yale aliyosema. Akaniomba twende watu wakiwa ibadani."

"Aibu." Scola alisema. "Mmemwacha mtu barabarani mguu umevunjika. Halafu mmefika bandani, mkakumbuka kulishukuru gari."

"Mama ndiye aliyesema tusirudishe buti tupu."

"Na wewe ukatii. Ulipomsikia mkeo anaitwa mhalifu, kwa nini hukusema?"

"Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani?"

Raymond aliinamisha kichwa.

"Saa nane utasimama mwenyewe," Scola alisema, "au nitakusimamisha mbele ya kijiji kizima, na jioni utahamia kwa huyo mama yako."

"Scola, hujaniuliza nani alikuwa..."

Hakumsubiri. Angesubiri hata pumzi moja mambo yangekwenda njia nyingine, lakini mwanamke yule alikuwa amesubiri siku mbili na hakubakiwa na subira hata ya kunywea maji. Aliondoka na dumu lake.

* * *

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la kikundi, watu wakikalia magunia ya alizeti na wengine wakisimama mlangoni. Mathayo alikaa mezani peke yake. Mbele yake kulikuwa na karatasi, na juu ya karatasi alikuwa ameweka ufunguo, kama mtu anayeonyesha watu nyama kabla ya kuigawa.

"Haya ni maelezo ya majeruhi," alisema. "Nilikwenda mwenyewe hospitali ya wilaya jana nikayaandika. Nasoma. 'Mimi Damari nilikuwa nimeinama napanga vitunguu vyangu. Sikusikia mlio wa gari. Sikumwona dereva. Niliinua kichwa nikaona mgongo wa gari la njano likiondoka.' Mwisho wa maelezo." Aliinua macho. "Gari la njano liliandikwa jina la nani siku hiyo?"

Watu walimtazama Scola. Damari alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wao wawili ndio walioanzisha kikundi, wakipita nyumba kwa nyumba na daftari moja na kalamu moja, wakitukanwa na wanaume waliosema gari la umeme litawaua kwa shoti. Sasa Damari hakuwa amepiga simu hata mara moja. Hilo lilimuuma Scola kuliko yote, na tangu jana alikuwa amekataa kumpigia yeye kwanza.

Alisimama. Alitembea hadi mezani, akalitua dumu mbele ya Mathayo.

"Siku ile ile mtu mwingine alichukua gari," alisema. "Aliacha hiki kwenye buti, kwa sababu amelelewa vizuri. Kuacha mtu barabarani hakufundishwa, hilo kajifunza ukubwani. Nataka mwenye dumu aje alichukue. Nahesabu mpaka tatu, halafu nataja jina."

Kwenye gunia la pembeni Raymond aliweka mikono magotini na kuanza kuinuka.

Hakufika juu. Mkono mkavu ulimshika bega ukamkalisha.

"Dumu hilo mwanangu alinipa, limetoka nyumbani kwangu," alisema bibi Asnath. "Na usukani nilishika mimi."

Kilifuata kicheko, cha vijana hasa. Bibi wa miaka sitini na minane, na fimbo yake, na kitenge chake cha kanisani. Mathayo mwenyewe alitabasamu. "Bibi, kaa. Tunajua una uchungu na mwanao."

Lakini wazee hawakuwa wanacheka. Scola aliliona hilo. Mzee Laurian alikuwa amevua kofia.

"Msicheke," Laurian alisema. "Asnath ndiye aliyeendesha trekta la kijiji, enzi za ujamaa. Alichaguliwa pamoja na wavulana wanne akawashinda wote. Mashamba haya yote mnayolima yeye ndiye aliyeyavunja mara ya kwanza."

"Mpaka nilipoolewa," Asnath alisema. "Mume wangu akasema mke wake hapandi trekta watu wakimtazama kutoka chini. Nikashuka. Mwaka sabini na saba nilishuka, sijashika usukani tena." Alimgeukia Scola. "Halafu wakakupa wewe ufunguo, kirahisi tu, wakakupigia na makofi. Nilikuchukia, mwanangu. Nasema mbele ya watu wote. Kila ulipopita na gari lile nilikuchukia."

Scola alilishika dumu pale mezani. Bibi akaendelea.

"Raymond aliendesha kwenda, na kurudi mpaka juu ya mlima. Tulipomaliza kuupanda Sekenke nikamwambia, nipe nishike mpaka Misigiri tu. Akanipa. Lilikwenda kama linateleza. Kwenye kona nikakata mno." Bibi aliegemea fimbo. "Raymond alitaka kushuka. Nikamwambia funga mlango. Hilo nalo andikeni."

"Na jioni ukanipakulia boga," Scola alisema.

"Nikakupakulia."

"Ungeniacha nifungwe."

"Nilijua hutafungwa. Nilikuwa nasubiri waje wanichukue mimi." Na hapo sauti ya bibi ikapanda kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa na hasira, siyo ya kuigiza. "Maana Damari aliniona. Kioo kilikuwa wazi. Alinitazama usoni akasema, Mama Raymond, umeniua. Jana nimekaa mlangoni kutwa nimevaa viatu nasubiri mgambo, naona wanakwenda kwa mke wa mwanangu. Nikasema labda Damari amenisitiri. Sasa nasikia karatasi inasema hakumwona dereva. Karatasi hiyo nani kaiandika?"

Ghala lililipuka. Watu walisimama juu ya magunia, kila mmoja akisema na mwenzake, wengine wakimkemea bibi, wengine wakimtetea, na mama mmoja akilia kwa sauti. Raymond alikuwa amefunika uso. Scola alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na hakika hasira yake iende kwa nani, maana ilikuwa nyingi na waliostahili walikuwa wengi.

Alitoa simu. Alichokataa kukifanya siku mbili, alikifanya sasa. Alibonyeza jina la Damari, akaweka sauti ya nje, akaishika simu juu ya kichwa chake mpaka watu wakanyamaza mmoja mmoja.

Iliita mara nne.

"Scola." Sauti ya Damari ilikuwa imechoka. "Kumbe unanikumbuka. Siku mbili hata kunijulia hali."

"Damari, niko mkutanoni, watu wote wanakusikia. Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Si nilishasema? Mama Raymond. Nilimwambia Mathayo jana, akaandika, nikaweka dole gumba. Nikamwambia pia sitaki bibi wa watu apelekwe polisi, tutayamaliza wenyewe kwa wenyewe. Akasema nisipige simu kwa mtu yeyote mpaka mkutano uishe, nisiharibu upelelezi. Ndiyo maana nimekaa kimya. Kwani hakuwasomea?"

Vichwa mia moja viligeuka kuelekea mezani.

Dumu la asali lilikuwepo. Kiti kilikuwa kitupu. Karatasi haikuwepo, na ufunguo haukuwepo.

Mlango wa nyuma wa ghala ulikuwa wazi. Walitoka wakisukumana, wakazunguka hadi banda la mashine. Waya wa chaji ulikuwa umening'inia ukutani kama ulivyoachwa jana. Chini yake palikuwa na alama za matairi kwenye vumbi, mbichi, zikielekea barabarani. Gari la njano lilikuwa limetolewa pale hatua thelathini kutoka kwa watu mia moja, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Siku mbili walikuwa wamemwita mhalifu mwanamke asiye na kosa, wakamvua ufunguo shingoni, wakamkabidhi mtu huyu. Scola aliwatazama mmoja mmoja na hakuna aliyestahimili macho yake.

"Anakwenda hospitali," Mzee Laurian alisema, akihema. "Anataka kumwahi Damari. Abadilishe maneno, au..."

Scola akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha hasira tupu, na Raymond aliyekuwa amefika nyuma yake akarudi hatua moja.

"Hafiki," alisema. "Alikataza gari lisichajiwe, amekataza mwenyewe, mara mbili. Lina asilimia tisa. Hilo nalijua kama ninavyoijua nyumba yangu. Litamfikisha Misigiri, na likifika Misigiri litazima, na atakaa humo ndani kama kuku kwenye tenga mpaka tumkute." Aliirudisha simu mdomoni. "Damari, umesikia? Usiogope. Tulia hapo hapo wodini, usitoke, mwambie nesi afunge mlango. Tunakuja."

"Wodini?" Damari alisema. "Scola, mimi siko wodini. Wameniruhusu asubuhi na plasta yangu. Mathayo alipiga akasema nipande hiace mpaka Misigiri, gari letu litanifuata hapo, atalileta yeye mwenyewe."

Scola aliona midomo ya Raymond ikifunguka. Hakusikia alichosema.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Si hapa Misigiri. Kwenye kona ile ile, walinishusha hapa. Nimekaa chini pembezoni mwa barabara, magongo yako pembeni. Jua kali sana, nimejifunika kanga usoni. Lakini sijalisikia likija bado."

Bibi Asnath alikuwa ameshafika kwenye pikipiki ya mwanawe, akiing'oa stendi kwa mikono miwili. Scola alikimbia kuelekea huko, simu ikiwa sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hapakuwa na hasira kwenye sauti yake, kulikuwa na hofu.

"Toka barabarani, Damari. Toa kanga usoni, tambaa kama huwezi kusimama. Usisubiri kulisikia."